Mikono Miwili ya Kushoto: Sataranji ya Dakika 3 Ilivyotuonyesha Udhaifu Wetu



Shoga zetu na mabibi harusi watarajiwa, leo hatuna habari ya shela wala ya piko. Leo tuna habari ya sataranji. Msicheke kwanza! Mkifika mwisho mtaona kuwa hata nguo ya harusi imo.

Tukisema "sisi" tuna maana ya mawifi wawili wenye vyerehani vitatu na duka moja la nguo za harusi hapa Unguja. Mama aliyemzaa mmoja wetu ndiye mkwe wa mwengine, basi sote tunamwita Mama. Sote tumemaliza sekondari, tukasoma kozi ya ushoni, na tuko kwenye miaka ya thelathini. Hakuna kati yetu aliyedhani kuwa siku moja atacheza mchezo kama huu. Hapa kwetu wanaume wana baraza zao za bao, dhumna na keram. Sisi tukipata nafasi tunakaa na simu.

Mchezo tuliletewa na mtoto wetu wa darasa la 6, aliyefundishwa na mwenzake. Alitufunga wote wawili kwa wiki nzima, mpaka ikawa aibu. Tukapakua Lichess, programu ya bure isiyo na matangazo, kila mmoja akafungua akaunti yake ili ajifunze kimya kimya.

Tukauzoea ule wa haraka. Kila mchezaji anapewa dakika 3 za mchezo mzima. Saa yako inakwenda ikiwa ni zamu yako, na ikiisha umeshindwa, hata kama kete zako ni nyingi kuliko zake. Katika mashindano ya dunia ya mchezo huu wa haraka, kila mtu hupewa dakika 3 na sekunde 2 za nyongeza kila anapocheza. Mwaka 2021 ubingwa wa wanawake ulichukuliwa na Bibisara Assaubayeva wa Kazakhstan, msichana wa miaka 17 tu, na mwaka 2022 akauchukua tena. Mashallah, kumbe wasichana wanaweza.

Kwanza, inafaa?

Tunajua swali hili mtaliuliza, na sisi tuliliuliza. Sataranji ilitoka India, ikapita Uajemi, ikafika kwa Waarabu, kwa hiyo mjadala wake ni wa zamani. Baghdad ya zama za Abbasiyya ilikuwa na bingwa kama as-Suli, aliyecheza mbele ya makhalifa. Lakini wanazuoni wamekhitilafiana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, msimamo mashuhuri ni kuwa ni makruhu, na inakuwa haramu ikiingia kamari au ikikupitisha sala. Wengi katika madhehebu mengine wamekaza zaidi, na Mufti Mkuu wa Saudi Arabia aliwahi kusema kuwa haifai. Sisi si mashekhe. Kila mmoja amuulize anayemwamini katika dini yake.

Tunachoweza kusema ni kuwa lile sharti la sala si la kupamba maneno. Lilitupata sisi wenyewe.

Alhamisi ile ya Shaaban

Mnajua Shaaban ilivyo kwa mafundi. Kila mtu anataka aolewe kabla ya Ramadhani. Tulikuwa na nguo ya bibi harusi wa Jumapili, na ilikuwa Alhamisi. Baada ya chakula cha mchana tukasema tupumzike kwa mchezo mmoja. Tukafungwa kwa saa huku tunashinda. Tukasema haiwezekani, mmoja tena. Adhana ya Alasiri ikaadhiniwa na sekunde 40 zimebaki. Tukasema tumalize huu. Tukamaliza, tumefungwa, tukaanza mwengine kwa hasira.

Mama alipoingia dukani jua lilikuwa limeshazama. Hakutugombeza. Alitutazama, akauliza, "Mmeshasali Alasiri?"

Tukanyamaza wote wawili. Tungependa kuwaambia kuwa tulikuwa na udhuru, lakini hatukuwa nao.

Usiku ule tulikaa kwenye cherehani kufidia saa tulizozichezea. Mikono ya nguo ilikuwa ya lesi yenye shanga, aliyoileta mama wa bibi harusi kutoka Dubai. Lesi ya shanga haikunjiki vizuri, kwa hiyo unakata mkono mmoja mmoja, na kwa mkono wa pili lazima uigeuze paterni. Hatukuigeuza. Saa 6 za usiku tulikuwa na mikono miwili ya kushoto, na lesi imekwisha.

Asubuhi tulimpigia simu mama wa bibi harusi, tukamwambia ukweli. Alikuja, akaishika ile mikono, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, mnafanyaje?" Tukaomba ruhusa ya kufumua lesi tuliyokuwa tumeshaizungushia ukingo wa shela, tuunge mkono wa kulia kwa vipande, tukaficha maungio chini ya shanga. Ushoni wote hatukumtoza. Bibi harusi alipendeza, alhamdulillah, na watu hawakujua. Lakini sisi tulijua.

Daftari

Baada ya harusi tulikuwa na nia ya kuifuta ile programu. Mmoja wetu akasema tusifute kabla ya kujua kwa nini tunafungwa vile vile kila siku. Tukachukua daftari la vipimo vya wateja, tukaligeuza nyuma, tukaandika michezo 40 ya mwisho tuliyofungwa. Programu inaweka kila mchezo na inaonyesha ulitumia sekunde ngapi kwa kila kete.

Matokeo yalikuwa hivi. Michezo 17 tulimalizwa na saa. Michezo 11 tulitoa kete bure, tumeiweka mahali inapoliwa bila malipo. Michezo 7 mfalme wetu alifungwa akiwa amebanwa nyuma ya vitunda vyake. Michezo 5 tu ndiyo tuliyozidiwa akili kwa haki. Na katika ile 17 ya saa, 12 tulikuwa tunashinda!

Siku zote tulikuwa tunasema, "Hatuna akili ya mchezo huu." Daftari lilisema jambo jengine. Wakati ukibana, mkono wetu unatangulia jicho. Ndivyo tulivyocheza, na ndivyo tulivyokata ile lesi.

Tuliandika na nguvu zetu, maana mtu akihesabu makosa tu anakata tamaa. Fundi ana jicho la umbo. Tembo, ambaye wengine humwita askofu, hutembea mshazari, na sisi mshazari wa kitambaa tunaujua tangu kozi, kwa hiyo huyo hatupiti kirahisi. Tuna kumbukumbu, kwani tunakumbuka kifua na kiuno cha mteja wa mwaka jana. Na tuna subira pale ambapo hakuna saa. Tulichokosa ni utaratibu wa kuilinda subira hiyo saa inapokwenda.

Mazoezi tuliyoyafanya

Kwa anayetaka kujaribu, haya ndiyo yaliyotusaidia. Tulishika jambo moja kwa wiki, si yote kwa pamoja.

Kwanza, tulibadilisha saa. Tuliacha dakika 3 kavu, tukachukua dakika 3 na sekunde 2 za nyongeza, na siku za uchovu dakika 5 na sekunde 3. Nyongeza ile ndogo inakuruhusu kumaliza mchezo unaoshinda badala ya kukimbizana na saa.

Pili, tulianza kwa njia ile ile kila siku. Tuligundua kuwa kufikia kete ya 10 tumeshatumia zaidi ya dakika moja, tukishangaa tu. Sasa tukiwa na weupe tunasogeza kitunda cha mbele ya malkia hatua 2, tunamtoa tembo wa upande wa malkia mapema, farasi wanafuata, kisha mfalme anajificha pembeni. Wachezaji wanaiita njia hii London. Si ya kutisha, lakini inatufikisha katikati ya mchezo saa ikiwa bado imejaa.

Tatu, maswali mawili kabla ya kuachia kidole: Yeye anataka kula nini? Mimi ninaacha nini? Yanachukua sekunde 2. Wiki ya kwanza yalituchelewesha tukafungwa zaidi. Wiki ya tatu yakawa mazoea, na zile kete za bure zikapungua.

Nne, mafumbo 15 kwa siku, polepole. Programu inakupa mafumbo ya aina unayotaka. Wiki moja ya farasi anayetishia wawili kwa mpigo, wiki nyengine ya mfalme anayebanwa nyuma ya vitunda vyake. Hapa usishindane na saa. Ukikosea, rudia mpaka uone kwa nini. Kasi inakuja yenyewe jicho likishazoea.

Tano, kumaliza. Tulikuwa na malkia na mfalme dhidi ya mfalme mtupu, na bado tunatoka sare, kwa sababu tunamziba asiwe na pa kwenda bila ya kumtishia. Tulifanya mazoezi na kompyuta mpaka tukaweza kumfunga ndani ya sekunde 30, kisha tukarudia kwa ngome.

Sita, mchezo mmoja wa polepole kila Ijumaa jioni, wa dakika 15 kwa kila mtu, tunacheza wenyewe kwa wenyewe. Mchezo wa haraka haukufundishi kufikiri. Unatumia fikra ulizozijenga pengine.

Saba, ukifungwa mara mbili mfululizo, acha. Ile ya tatu ni ya hasira, na daftari letu lilionyesha kuwa ya hasira karibu zote tulifungwa.

Juu ya yote hayo tukaweka sharti letu. Hatuanzi mchezo ikiwa imebaki chini ya nusu saa kufika adhana. Ikitokea tumekosea hesabu na adhana ikaadhiniwa, tunakubali kushindwa na kuinuka. Alama zinarudi kesho. Na mazungumzo ndani ya programu tumeyafunga kwa kuweka ile hali ya watoto, kwa hiyo hakuna mtu asiyetuhusu anayetuandikia.

Imetufikisha wapi?

Kwa miezi 8 tumetoka alama 1,050 mpaka 1,310, mmoja wetu kidogo juu, mwengine kidogo chini, hatusemi nani. Mtoto wetu sasa tunamfunga, ingawa si kila siku. Saa bado inatumaliza, lakini tulipohesabu michezo 40 mengine tuliyofungwa, ya saa ilikuwa 8 badala ya 17.

Lakini faida kubwa iko dukani. Daftari lile lile sasa lina ukurasa wa makosa ya ushoni. Tuliona kuwa karibu kila kosa kubwa lilitokea usiku, siku 3 za mwisho kabla ya harusi. Kwa hiyo tumeweka sheria: hatukati kitambaa baada ya Isha, na bibi harusi anavaa kwa jaribio la mwisho siku 10 kabla. Mikono tunaikata wa kulia kwanza, tunaupa jina kwa chaki, na mwenzake anaangalia kabla ya mkasi wa pili. Ni yale yale maswali mawili.

Hatusemi kuwa sataranji imetufanya watu wema. Ilitupitisha Alasiri, na hilo tunaliombea msamaha mpaka leo. Tunachosema ni kuwa katika biashara udhaifu wako unaweza kukuchukua mwaka kuujua, na kila kosa lina mteja anayelia. Kwenye mchezo unaonekana ndani ya dakika 3, mara nyingi kwa siku, na unaweza kuuhesabu. Ukishauhesabu huwezi tena kusema "ndivyo nilivyo".

Basi bibi harusi wetu uliyewekwa ndani, unasingwa na simu iko mkononi, chukua daftari. Si lazima liwe la sataranji. Andika mara 10 za mwisho ulizokosea jambo moja lile lile, iwe hasira, matumizi au kuchelewa sala, na mbele ya kila moja andika ilikuwa saa ngapi na nini kilitangulia. Kisha shika moja tu kwa wiki hii.

Sisi tunainuka, Alasiri inakaribia. Mama ameshatangulia kutandika mswala, na leo hatuulizi.

Allah atupe baraka katika wakati wetu na kazi za mikono yetu. Amin.