Kabla hujawapangisha watoto foleni Wimbledon

Dada yangu anaishi London. Nilipokwenda kumsalimia Julai iliyopita, tuliamua kuwapeleka wanawe kwenye mashindano ya tenisi ya Wimbledon. Mkubwa ana miaka tisa na ana pumu. Mdogo ana minne.

Uzuri wa Wimbledon ni kwamba hata usiyenunua tiketi mapema unaweza kuipata siku hiyohiyo, mradi ukubali kupanga foleni. Unashuka kituo cha treni cha Southfields, unatembea hadi bustani ya Wimbledon Park, na mwisho wa foleni unapewa kadi yenye namba. Kila mtu na kadi yake. Huwezi kumshikia nafasi shemeji aliyelala nyumbani. Wenye namba za mwanzo wanaweza kupata viti kwenye viwanja vikubwa. Wengine hupata kiingilio cha jumla, chenye viwanja vidogo na kilima cha nyasi mbele ya skrini kubwa.

Tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Milango hufunguliwa saa nne. Tukiwa tumeketi, dada akasoma kijikaratasi cha maelekezo na kunyamaza. Watoto chini ya miaka mitano hawaruhusiwi kuingia viwanja vikubwa. Tungeweza kugawana, mmoja abaki nje na mdogo. Tukaamua wote tuchukue kiingilio cha jumla. Mkubwa alinuna.

Saa mbili na nusu akaanza kukohoa, kisha kifua kikaanza kulia. Miezi ya Juni na Julai ndiyo msimu wa chavua za nyasi Uingereza, na chavua huweza kuamsha pumu. Nyasi za viwanja vya Wimbledon hukatwa hadi milimita 8, kwa hiyo hazipati nafasi ya kutoa maua. Za bustanini zikiachwa zirefuke, hutoa. Sisi tulikuwa tumekaa juu yake tangu alfajiri.

Inhela ilikuwa chini kabisa ya begi, chini ya mikate, sweta na miavuli. Tulimwaga kila kitu. Ninaandika habari za afya kila wiki, lakini mikono ilinitetemeka. Tulimkalisha wima, akavuta dawa, akatulia. Asingepata nafuu, tungepiga 999, namba ya dharura ya huko, bila kujali tumebakiza watu wangapi mbele.

Kwa hiyo mzazi, inhela ikae mfuko wa mbele, na kila mtu mzima ajue ilipo. Mtandikie mtoto mkeka au shuka. Kama ana mzio, muulize daktari kuhusu dawa kabla ya safari.

Usidanganywe na sifa ya baridi ya London. Tarehe 1 Julai 2015 joto lilifika nyuzi 35.7, na mtoto mmoja muokota mipira alianguka uwanjani. Beba kofia na chupa ya maji; ndani kuna mabomba ya kuijaza tena bure. Usisubiri mtoto aseme ana kiu.

Tulipoingia, mkubwa alisahau kununa. Kwenye viwanja vidogo ulikaa karibu kiasi cha kusikia mchezaji akihema na viatu vikiteleza kwenye nyasi. Mdogo alipiga makofi kila mpira ulipogonga wavu.

Safari ijayo hatutaamka alfajiri. Kiingilio cha jumla hushuka bei jioni, na mwezi huo jua la London huzama baada ya saa tatu usiku. Mtoto mdogo anaweza kulala mchana, ale nyumbani, kisha afike jua likiwa limepoa na bado aone mechi.

Kadi ya foleni mkubwa ameibandika ukutani. Inhela sasa ina mfuko wake, na ameuchagua mwenyewe: wa njano, kama mpira.