Tulikuwa Tunasifiwa kwa Kuwahi

Zamani kwenye yadi yetu hapa Dar es Salaam dereva mzuri alijulikana kwa jambo moja: kuwahi. Aliyetoka bandarini jioni, akapandisha Kitonga usiku wa manane, na kesho yake akawa anaagiza chai Tunduma kabla wenzake hawajafika Makambako, huyo ndiye aliyeitwa chuma. Posho ya safari ilikuwa ya mkupuo. Ukirudi mapema unapakia tena, na mwisho wa mwezi hesabu inasema yenyewe. Umebeba nini halikuwa swali. Mzigo ni mzigo: vigae, mbolea, sabuni, salfa. Mimi nilipotoka utingo na kukabidhiwa usukani, mzee aliyenilea barabarani alikuwa amenifundisha mteremko gani unashukwa kwa gia gani, mizani ipi ina foleni, na mama lishe yupi hapimi wali kwa uchoyo. Kuhusu kilichokuwa chini ya turubai hakusema neno, maana naye hakuwahi kuambiwa.

Nimeiona kazi hii ikigeuka, na nadhani wengi hawajui kilichoigeuza. Wanasema ni semina. Semina zimesaidia, sibishi, nitazifikia. Lakini nianze na salfa, maana ndiyo inayotulisha.

Huo unga wa njano unaouona ukipakiwa bandarini huenda Zambia na Katanga. Huko wanauchoma kupata asidi ya salfuriki ya kuyeyushia shaba na kobalti. Ukiushika mkononi haukuunguzi, ndiyo maana hakuna anayeuogopa. Vumbi lake likikutana na jicho lenye jasho utalia hadi Chalinze. Ikilowa kwa mvua na kukaa, inakula chuma cha bodi. Na ikishika moto ndipo unapojua umebeba nini.

Nililiona hilo kwenye gari la mwenzetu wa kampuni nyingine, upande wa nyanda za juu. Breki za tela zilikuwa zimeshika tangu mteremkoni, tairi la nyuma likawaka. Jua lilikuwa bado kali. Moto wa tairi kila mtu aliuona kwa ule moshi mweusi. Wa salfa hatukuuona, kwa sababu mwali wake ni wa buluu na mchana unapotea kwenye mwanga. Tulichoona ni turubai likijikunja lenyewe, kisha njano ikageuka uji mwekundu wa kahawia unaochuruzika kwenye ubao wa bodi na kudondoka lami. Halafu hewa ikakata. Gesi ya salfa inayowaka inabana koo kama mkono wa mtu. Vijana wa kijiji walikuwa wameshakuja na ndoo na matawi mabichi, kwa nia njema kabisa, nao walikimbilia pale pale moshi unakoelekea. Wawili walibebwa. Waliosimama upande unakotoka upepo hawakupata hata kikohozi.

Dereva alikuwa hai, ameshuka, anashika kichwa. Mwenyekiti wa kitongoji akamuuliza, "Mwanangu, hii ni kitu gani? Tumwage maji au tusimwage?" Kwenye kabati la gari mlikuwa na karatasi za forodha, bima, barua ya mizani. Karatasi moja inayojibu swali la yule mzee haikuwemo.

Swali lile nililibeba. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu pale Morogoro, watu wakakimbilia na madumu, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Sisi wa barabarani tulijua si mara ya kwanza. Sachangwan kule Kenya, Januari 2009, ilikuwa hivyo hivyo: tangi limelala, watu wanakinga mafuta, moto. Zaidi ya 100. Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, zaidi ya 200. Redioni watu walibishana juu ya umaskini na tamaa. Yote yanaweza kuwa kweli, lakini mimi nilikuwa nawaza lile tangi lilipolala, nani pale alikuwa na kazi ya kuwaondoa watu, na alikuwa na nini mkononi zaidi ya sauti yake.

Sasa semina. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yenye mamlaka ya kemikali za viwandani na majumbani, kwa sheria ya mwaka 2003, na wana mafunzo ya madereva wanaobeba kemikali. Nilikwenda nikidhani nitasinzia. Nikakuta wanafundisha kusoma kile kibao cha rangi ya chungwa ambacho nilikuwa nimekifuata nyuma ya magari ya wenzangu miaka yote nikidhani ni namba za tajiri. Juu ni aina ya hatari, chini ni namba ya Umoja wa Mataifa ya mzigo wenyewe. 33 juu ya 1203 ni petroli. 80 juu ya 1830 ni asidi ya salfuriki. Ukiona herufi X imetangulia namba ya juu, maji usiyasogeze. Zimamoto akikiona kibao hicho kwa mbali anajua cha kufanya hata kama dereva amezimia. Ni jibu la yule mwenyekiti, limebandikwa nyuma ya gari.

Kuna hesabu nyingine niliipenda. Lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi. Lita moja ya asidi kali ya salfuriki inapita kilo 1.8. Kwa hiyo tangi la petroli ukilijaza asidi, mizani hairuhusu na ekseli haibebi. Ukisema basi nijaze nusu, asidi inacheza ndani, na kwenye kona ndiyo inayoamua gari lielekee wapi. Tangi la asidi linatakiwa liwe dogo, lenye vizuizi ndani. Nimeshuhudia dalali akimwambia dereva "jaza nusu tu, utaenda polepole". Dereva mwenye hesabu hii kichwani anajua la kumjibu.

Lakini nilirudi kutoka semina na cheti changu, na posho ilikuwa ile ile ya mkupuo. Hapo ndipo nasema wengi hawajui. Mtu umemfundisha asiendeshe amechoka, kisha unamlipa zaidi akiendesha amechoka. Atafanya nini?

Kilichotugeuza kilitoka kwa mteja. Migodi ya dhahabu hutumia sianidi. Mwaka 1998 lori lenye sianidi lilitumbukia mto Barskoon huko Kirigizistani, sumu ikaingia majini. Januari 2000 bwawa la taka za mgodi lilipasuka Baia Mare, Romania, samaki wakafa hadi mto Tisza na Danube. Baada ya hapo ikatungwa kanuni ya kimataifa ya sianidi, ikatoka 2002, na kanuni hiyo haimwachi nje msafirishaji. Kwa hiyo mgodi uliojiunga nayo unamuuliza tajiri maswali ambayo sisi tusingethubutu: dereva wako analala wapi? Njia umeipima? Msafara una dawa ya kuokoa aliyevuta sumu, na nani anajua kuitumia? Unamlipaje?

Tajiri wetu aliutaka mzigo ule. Basi tukaanza kulala giza likiingia, mahali palipopangwa. Posho ya mwezi ikawa moja, ufike Jumanne ufike Alhamisi. Jipiesi ikafungwa, na mwendo wako unaonekana ofisini. Wiki za kwanza tulinung'unika sana, nisiwafiche. Kisha utaratibu ukahamia kwenye salfa na asidi pia, kwa sababu kuendesha yadi moja kwa sheria mbili ni usumbufu. Siku hizi wale machuma wa zamani wanaulizwa walikuwa wanakimbilia wapi.

Bado kuna tundu. Salfa ikishuka nyingi bandarini, mzigo unagawiwa kwa madalali, na dalali anampa mwenye gari mbili ambaye hajaulizwa swali hata moja. Tunakutana nao Tunduma, kwenye foleni ya mpaka, tangi la petroli likiwa ubavuni mwa salfa, na katikati yao majiko ya mkaa ya mama lishe, maana wateja ndio sisi.

Safari iliyopita nilimwomba mmoja wao ahamishie jiko ng'ambo ya mtaro, mbali na magari.

"Nikihamia huko, baba, mtanifuata kula?"

Nikamwambia tutakufuata. Tunamfuata, ingawa utingo wangu analalamika kwamba ni mbali, na supu inafika imepoa.