Kitufe Kisichojulikana Kama Ni Kitufe



Mimi ni mwalimu wa kujitolea hapa Pundanhar, na siku hizi kazi yangu nusu ni ubao, nusu ni simu. Jioni watu wanakuja: "Mwalimu, hebu nisaidie fomu hii." Kusoma wengi wanajua. Kinachowashinda ni vitufe, na nasema wazi, kosa si lao.

Fomu za intaneti zina alama zake za zamani. Toka HTML toleo la 2 lilipotoka mwaka 1995, kiduara maana yake chagua kimoja tu, kisanduku cha pembe nne maana yake chagua hata vingi. Simu yoyote inavijua. Lakini mafundi wengine wanaona alama hizo hazina urembo, wanachora za kwao. Basi unakuta picha ya rangi, hujui ni pambo au kitufe. Unakuta swichi ya kijani, hujui imeshawashwa au ndiyo inasubiri uiwashe. Na mtandao ukiwa dhaifu, programu inayoendesha urembo ule haifiki yote. Unabonyeza, kimya. Megabaiti zimekwenda bure.

Kalenda ndiyo imenichosha zaidi. Bibi mmoja aliyezaliwa 1955 alipoteza BI yake tulipokimbia vita ya Palma, Machi 2021. Fomu ya kujiandikisha haikukubali kuandika mwaka kwa namba. Ilifungua mwezi huu tulionao, na mshale wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Hesabuni wenyewe: ni kubonyeza zaidi ya mara 800! Binti yake alichoka, akaachia 1995. Yaani mama akawa rika moja na mwanawe, na haki ya wazee ingempita hivihivi. Bahati tuliona kabla ya kutuma, tukaanza upya.

Linganisheni na M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika kwetu Msumbiji mwaka 2013. Orodha ya maneno, unachagua, unaandika kiasi, basi. Mama zetu wasiomaliza shule wanatuma pesa bila mwalimu.

Na kanuni zipo. Shirika la W3C, linalotunga taratibu za wavuti, liliandika mwaka 2008 kwamba kila kitufe lazima kijulikane jina lake na kazi yake, hata kwa kipofu anayesomewa na mashine.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kutuma fomu, someni tena jina, mwaka wa kuzaliwa na idadi ya watoto. Pigeni picha ukurasa wa mwisho. Mkikwama, mwambieni karani aandike kwenye karatasi, msione haya.

Na ninyi mnaotengeneza fomu: acheni mtu aandike mwaka wake mwenyewe. Kabla ya kuitoa, mpeni simu mama mmoja chini ya mkorosho, mkae kimya, mtazame vidole vyake.

Wasalaam,
Mwalimu wenu wa kujitolea