Siku Nne Mlimani Meru

Akina mama wa Arusha tunauona Mlima Meru kila tunapoanika nguo, lakini wengi wetu hatujawahi kuukanyaga. Ni mlima wa pili kwa urefu nchini Tanzania baada ya Kilimanjaro, na kilele chake kinapita mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Njia ya kupandia huanzia lango la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Wenye haraka hupanda na kushuka kwa siku tatu. Sisi tulipanga siku nne, kwa ajili ya wale tuliofuatana nao.

Walikuwa tisa, wanaume sita na wanawake watatu, walioachana na gongo, bia au unga. Kila mmoja alikuwa ametimiza miezi sita au zaidi bila kugusa kitu, na kila mmoja alipimwa na daktari kwanza. Mtu aliyeacha pombe jana hapelekwi mlimani. Siku za mwanzo anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Mahali pake ni hospitali. Wanaotumia methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, nao hawakuja, kwani wengi hunywa kipimo chao kila siku kliniki mbele ya mhudumu. Hiyo nayo ni njia ya kupona, wala tusiidharau.

Sisi wauguzi tulifungasha dawa kwa uangalifu. Za maumivu zilikuwa panadol na nyinginezo za kawaida. Hatukubeba kodeini, tramadoli, wala vidonge vya usingizi. Kwa mtu aliyewahi kutumia unga, kidonge kimoja cha namna hiyo kinaweza kuamsha kiu iliyolala.

Kila mtu na mzigo wake

Wapagazi wapo Meru, lakini tulikubaliana kila mmoja abebe begi lake mgongoni: maji, blanketi, sweta na chakula. Askari wa hifadhi mwenye bunduki alitangulia, kwa sababu nyati na tembo hupita njia hiyo hiyo. Nyuma yake tulimweka mwenye mwendo wa pole kuliko wote, mama wa watoto watatu, na wengine wakafuata hatua zake. Vijana walinung'unika. Baada ya saa mbili walinyamaza, kwa maana pumzi iliwafundisha.

Usiku wa kwanza tulilala Miriakamba, yapata mita 2,500. Siku ya pili tulipita mahali paitwapo Topela Mbogo, kisha Mgongo wa Tembo, tukafika Saddle, yapata mita 3,570. Hapo miti mikubwa imekwisha, upepo ni mkali na maji ya kunawa yanauma vidole.

Usiku wa Saddle

Huku juu hewa ni nyepesi. Mwili usiozoea huumwa kichwa, hutapika, hukosa hamu ya kula na usingizi. Mama anayemwuguza kijana aliyeacha unga atazitambua dalili hizo mara moja: zinafanana na arosto. Ndiyo maana tulikuwa tumewaeleza mapema, tukawaomba jambo moja tu: anayeumwa aseme.

Jioni kijana mmoja hakugusa ugali. Tulipomwuliza alisema ameshiba. Saa tano usiku aligonga mlango wetu. "Sista, naumwa. Nilidhani ile hali imenirudia, nikaona aibu."

Alikuwa ametapika mara mbili na kichwa kilizidi. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huo ni kushuka. Tulipomwambia, alilia. "Nyumbani wamezoea kusikia nimeshindwa. Niacheni nifike." Ilikuwa vigumu kumkatalia, lakini kichwa kinachozidi usiku kwenye mwinuko kinaweza kuua. Mmoja wetu akashuka naye pamoja na askari, kwa tochi, hatua moja moja. Alfajiri, huko Miriakamba, alikunywa uji na kuomba kikombe cha pili.

Waliobaki walianza safari ya kileleni usiku huo huo. Wawili waliishia Rhino Point kwa uchovu, wakaliona jua likichomoza upande wa Kilimanjaro. Sita walifika juu kabisa. Tulipokutana tena, hakuna aliyemcheka aliyeshuka.

Neno kwa walio nyumbani

Langoni Momella mama yake alimngoja. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ulifika?" Kijana akainama. Tukamsogeza mama huyo kando, tukamweleza: mwanao kwa miaka mingi alificha kila kitu, na usiku ule aligonga mlango akasema naumwa, ingawa alijua atarudishwa.

Akina mama, mlima haumponyi mtu. Siku ya tano wote tisa walirudi kwenye mitaa ile ile yenye vilabu vile vile. Wengine watateleza, na wakiteleza watahitaji mahali pa kusema. Mumeo au mwanao akikwambia, "Leo kiu imenishika," usianze na "Nilijua tu." Mkaribishe aketi, mpe chai, mwulize amekula nini, kisha mtafuteni pamoja mtu wa kumsaidia kabla jua halijatua.