NA WEWE NI MWARABU WA NANI?



Ndugu zangu katika imani, wa hapa Nyaishozi na wa mbali mnaonisoma. Somo la leo nimeliahirisha muda mrefu kwa sababu linaniuma mimi mwenyewe kwanza. Kila likitokea baa katika nchi ya Waislamu, naletewa swali lile lile: "Sheikh, Waarabu matajiri wako wapi? Wana mafuta, wana majumba yanayogusa mawingu, mbona wenzao wanakufa njaa?" Zamani nilikuwa nalijibu haraka sana. Siku hizi silijibu mpaka niwasimulie kisa hiki.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2019. Dereva mmoja wa lori, Msomali wa Garissa, Kenya, aliharibikiwa na gari akielekea Rwanda. Alikaa kwetu siku tatu akisubiri kifaa. Alikuwa akiswali nasi na kufuturu nasi, uji wa ulezi na ndizi za kwetu. Mtu wa makamo, maneno machache, ndevu amezipaka hina. Usiku wa pili, baada ya tarawehe, tulibaki barazani pa msikiti watu wanne, nami nikamuuliza lile swali. Nilijua atanipa maneno makali ya kuweka kwenye khutba. Allah anisamehe, ndivyo nilivyotaka.

Akaniambia: "Sheikh wangu, mwaka 2011 nilikuwa naendesha lori la maji Dadaab."

Ndugu zangu, kwa msiojua, Dadaab ni kambi za wakimbizi kaskazini mashariki ya Kenya. Zilianza 1991 kwa ajili ya watu 90,000. Ulipofika mwaka 2011 walikuwa wamepita 400,000. Tarehe 20 Julai ya mwaka huo Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kuu kusini mwa Somalia, na siku chache baadaye ikaingia Ramadhani. Ilipokuja kuhesabiwa baadaye, ilikisiwa kuwa watu wapatao 260,000 walikufa, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Nusu, ndugu yangu. Watoto ambao hata kufunga hakujawawajibikia.

Dereva akasema alikuwa akiwakuta akina mama wametembea wiki mbili, tatu. Wengine wamebeba watoto mgongoni na hawajui kama wako hai. "Pale," akasema, "swali lako lilikuwa linaulizwa kila siku. Wazee walikuwa wakisema, nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1974. Tuko ndani ya nyumba lakini tunalala nje."

Nikamwambia endelea. Akaendelea, na uchungu ukatoka. Alisema mbuzi na kondoo wa Wasomali wanapanda meli Berbera kwenda Saudia, mahujaji wanachinja, wanakula, lakini mwenye mbuzi mwenyewe akitaka kwenda kutafuta kazi hana njia. "Mbuzi wetu anapita, sisi hatupiti." Akakumbusha kwamba mwanzoni mwa 2014 Saudia iliwarudisha Mogadishu Wasomali zaidi ya 12,000, wakati vita havijaisha. Akasema watoto wa dada yake wako Minneapolis, Marekani, wana uraia, wana duka. "Sina ndugu hata mmoja mwenye uraia Riyadh."

Mimi nikawa natikisa kichwa tu, "Subhanallah, Subhanallah." Moyoni nilikuwa naiandika khutba ya Ijumaa.

Halafu akageuka. Akasema: "Lakini Sheikh, usije ukasema uongo kwa mdomo wangu. Msaada wao niliuona. Mahema ya Waarabu niliyaona." Na kweli, ndugu zangu, tuwe waadilifu hata kwa tunaowalaumu. Mwaka ule ule Saudia ilitoa dola milioni 50 kwa Shirika la Chakula Duniani kwa ajili ya Somalia. Na yupo daktari wa Kuwait, Abdulrahman Al-Sumait, aliyefariki 2013, ambaye alitumia sehemu kubwa ya umri wake katika Afrika hii akichimba visima na kulea mayatima, akaugua malaria humu humu. Huyo alikuwa Mwarabu. Usimfute kwa sababu ya bahili mmoja uliyemsikia.

Nikamuuliza, basi ninyi hasa mnawalaumu kwa lipi? Akafikiri, akasema: "Hatukuumia kwa sababu hawakutoa. Tuliumia kwa sababu hawakuja. Kiongozi wa Waturuki alikuja Mogadishu na familia yake, Ramadhani ile ile, mwezi wa nane 2011, risasi zikiwa bado zinalia. Akaingia kambini, akawashika watoto. Mturuki si Mwarabu, wala si jirani yetu. Mpaka leo kuna watoto wamepewa jina lake. Pesa ya benki haijui jina la mtu, Sheikh. Mtu akija anakuuliza jina lako."

Nikanyamaza. Ndipo nami, kwa kutaka kuonyesha kwamba yametukuta pia, nikamweleza habari yetu. Na hapa, ndugu zangu, ndipo kisa kinapogeuka kuwa changu.

Mnakumbuka tetemeko la Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Mkoa wetu wa Kagera ulitikisika alasiri, Bukoba ikaumia zaidi, watu wasiopungua 17 wakafariki, nyumba zikaanguka mpaka huku kwetu. Siku zile zile ikaingia Idi ya kuchinja. Nyuma ya msikiti wetu palikuwa na bibi mmoja mjane, muumini wetu, nyumba yake ya udongo ikaanguka ukuta mmoja na mwingine ukapasuka. Akafungiwa turubai. Tukampelekea nyama ya Idi, tukamwombea dua, tukamwambia avute subira.

Mwaka huo huo kamati yetu ilikuwa na mpango wa kujenga msikiti mkubwa wenye mnara. Tukaandika maombi kwa wafadhili wa Ghuba. Tukalipia barua itafsiriwe kwa Kiarabu. Tukapiga picha. Mjumbe wetu akaenda Dar es Salaam kufuatilia, akarudi, akaenda tena. Nauli, posho, karatasi, simu: tulipokuja kupiga hesabu ilikuwa imetoka shilingi 1,860,000 katika mfuko wa msikiti. Jibu halikuja. Nami nikamwambia dereva kwa masikitiko, "Unaona? Miaka mitatu tunawasubiri. Waarabu wametusahau na sisi."

Akauliza, "Na yule bibi?"

Nikasema yupo.

"Yupo wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Kutoka pale barazani, ukipita migomba, mwanga wa koroboi ulikuwa unaonekana ndani ya turubai. Mvua za masika zilikuwa hazijaisha.

Akatazama kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira: "Sheikh wangu, na wewe ni Mwarabu wa nani?"

Wallahi, nimesoma vitabu, nimekaa mbele ya masheikh Bukoba na Mwanza, lakini sijawahi kufundishwa somo kama lile. Kwa bibi yule, mimi ndiye niliyekuwa Riyadh. Mimi ndiye niliyekuwa na mfuko, kamati, na mabati ya akiba yaliyofungwa stoo yakisubiri msikiti mpya. Nilipeleka nyama kama wao wanavyopeleka, nikarudi kwangu nikalala pakavu. Na nilikuwa napanda mimbari kuwalaani.

Ndugu zangu, tuitazame dini yetu inasemaje. Katika Surat At-Tawba, aya ya 60, Allah ametaja makundi manane ya wanaopewa zaka, na mafakiri na masikini wametangulia. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh Yemen alimfundisha kwamba zaka ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafakiri wao, yaani wa pale pale. Ndiyo maana wanazuoni wengi, na wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wakiwa wakali zaidi, hawakupenda zaka itolewe mji mmoja ipelekwe mwingine maadamu mji ule una wahitaji. Sasa fikiri. Fakiri wa Nyaishozi anayo haki katika sadaka ya tajiri wa Kuwait, ndiyo. Lakini kabla hajafika kwa mtu wa Kuwait, jina lake limeandikwa kwangu na kwako. Siku ya Kiyama hataulizwa kwanza mwenye mafuta. Ataulizwa aliyekuwa anauona mwanga wa koroboi.

Utasema, "Sheikh, mimi si tajiri." Ndugu yangu, umeuza kahawa mwaka huu? Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya zaka ya kahawa yenyewe. Lakini fedha yake ikifikia nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikakaa kwako mwaka mzima, hapo hakuna khitilafu: katika kila shilingi 1,000 toa 25. Na asiyefikia nisabu anao mkungu wa ndizi kibanjani, anazo nguvu za kubeba tofali. Sadaka haina kima cha chini.

Na tukumbuke utajiri haukai mahali pamoja. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, walikimbilia Habasha, kwetu Afrika, kwa Najashi, mfalme Mkristo, akawalinda. Madina iliposhikwa na njaa, inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar aliandika barua Misri, na chakula kikaja kwa ngamia na kwa majahazi kutoka Afrika. Kwa karne nyingi Kiswa cha Al-Kaaba kilifumwa Misri. Mafuta ya Saudia yaligunduliwa 1938 tu. Na hapa hapa Karagwe, wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa Kafuro katika karne ya 19 walikaa kwa idhini ya Mukama Rumanika, wakala ndizi za Karagwe. Waliwahi kuwa wageni wetu. Pia mwaka 1994 ndugu wa Rwanda walipomiminika Ngara na Karagwe, wazee wetu wengi waliokuwa na shamba moja tu waligawana nao walichokuwa nacho. Hakuna aliyewauliza kwanza kama wana mafuta.

Asubuhi ya tatu gari likapona. Dereva akaniaga, akanipa noti tano za shilingi 10,000. "Hizi za bibi," akasema. "Si za mnara."

Ijumaa ile sikuisoma khutba niliyoiandika moyoni. Nilisimama nikaeleza haya, nikajitaja mwenyewe. Wapo waliokasirika. Mzee mmoja wa kamati alisema mabati ni ya msikiti, yameshawekewa nia, hayaguswi. Na hoja yake ilikuwa na uzito, mali ya msikiti si ya kuchezea, basi mabati hayakuguswa. Tulichanga upya. Jirani wa bibi, Mkristo wa Kilutheri, alileta tofali 400 bila kuombwa. Nilipomshukuru aliniambia miaka yote mitatu ndiye aliyekuwa akimfunga turubai upya likichanika. Sikuwa najua. Nilikuwa umbali wa migomba kumi.

Nyumba iliisha baada ya Idi, vyumba viwili. Nilikwenda kumwomba bibi msamaha. Hakunilaumu. Alisema tu: "Adhana yenu nilikuwa naisikia vizuri sana, mwanangu. Nikasema iko siku na ninyi mtanisikia." Alikaa katika nyumba ile miaka miwili, kisha Allah akamchukua. Amrehemu.

Msikiti wetu mpaka leo hauna mnara. Tukipata mfadhili, alhamdulillah, tutapokea. Wala sisemi tajiri wa Ghuba asiulizwe. Aulizwe, na ataulizwa, kwa kila pipa la mafuta na kila Muislamu aliyelala na njaa akimtazama. Msomali ana haki ya kusema, "Tuko ndani ya nyumba lakini tunalala nje." Lakini mimi sina haki ya kulirudia neno lake kama nyuma ya msikiti wangu kuna mtu analala nje.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujaandika leo hapa chini "Waarabu wako wapi," toka nje ya mlango wako. Tazama kulia, tazama kushoto, uangalie turubai liko wapi. Ingia, uliza jina. Kisha urudi uandike, nami nitakujibu.

Ewe Mola wetu, wape nafuu ndugu zetu wa Somalia na kila penye njaa na vita. Walainishe nyoyo matajiri wa umma huu, na utujaalie sisi tusiwe matajiri bahili kwa waliopungukiwa kuliko sisi. Mrehemu bibi yule, na dereva yule popote alipo umfungulie njia. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mwenye kupata faida amfikishie na mwenzake.