Usiuze gitare kabla ya kutazama shingo yake

Jumapili iliyopita sikwenda kutafuta habari. Nilikwenda kusali na ndugu zetu waliokimbia vita huko Djugu, ambao sasa wanaishi chini ya maturubai hapa Bunia.

Kwaya ilipoanza, gitare ya besi ikakwaruza: zzz, zzz, kama nzi ndani ya chupa. Kiongozi wa kwaya akamkata jicho mpigaji. Baada ya ibada, kijana yule akaniambia: «Kaka, gitare hii imekufa. Kesho naiuza, watoto wapate unga.»

Kabla ya kazi ya radio, nilipiga besi kwaya miaka sita. Nikamwomba asubiri kidogo.

Tulipiga kila uzi, chuma kwa chuma. Karibu na kichwa, kuanzia chuma cha kwanza mpaka cha nne, kelele. Kuelekea tumbo la gitare, sauti safi. Ingekuwa chuma kimoja kimeinuka, kelele ingetoka mahali pamoja tu. Nikabana uzi mnene kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho kwa pamoja, nikachungulia katikati. Panapaswa kubaki nafasi ndogo, kama unene wa kadi ya mayuniti. Haikuwepo. Uzi ulikuwa umelala juu ya vyuma.

«Ulipokimbia, ulilegeza nyuzi?»

«Ndiyo kaka, zisikatike njiani. Ikakaa hivyo miezi minane.»

Hapo nikaelewa. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayovutana na nyuzi. Nyuzi zikilegea muda mrefu, fimbo inabaki ikivuta peke yake, na mti unapinda kuelekea nyuma.

Fundi wa pikipiki alituazima ufunguo wa pembe sita. Tukalegeza fimbo robo ya mzunguko tu, tukakaza nyuzi, tukaacha mti upumzike usiku. Jumatatu tukaongeza robo nyingine. Kelele ikaisha. Ukiona fimbo inakataa, usiilazimishe: ikikatika, shingo imekwisha.

Gitare haikuuzwa. Unga bado ni shida, sitawadanganya. Lakini Jumatano, kwenye mazoezi, kiongozi alimwomba kijana msamaha mbele ya wote.

Ndugu msikilizaji uliyekimbia na gitare yako: kaza nyuzi hata kama huna pa kupigia. Shingo inahitaji mzigo wake.