NENO "SORI" NA HAKI YA DADA



Ndugu zangu katika imani, wiki hii dada mmoja amenitumia ujumbe. Kaka yake ameuza kiwanja walichoachiwa na marehemu baba yao, hela zote kala yeye. Dada alipoulizia fungu lake, kaka akajibu WhatsApp neno moja tu: "Sori." Sasa anauliza, "Sheikh, nikikataa kumsamehe napata dhambi?"

Tulitazame neno lenyewe kwanza. Sorry ni Kiingereza cha kale sana. Wengi hudhani limetoka kwenye sorrow, yaani huzuni, kwa kuwa yanafanana. Hapana. Asili yake ni moja na sore, mahali panapouma, kidonda. Waingereza wa zamani waliandika sarig, mtu mwenye maumivu moyoni. Kwa hiyo anayesema sorry, kwa asili ya neno, anasema: nimeumia. Hajasema nisamehe, wala hajasema nitarudisha.

Ndiyo maana Mwingereza hulisema msibani, na hulisema hilo hilo akikukanyaga. Sisi Waswahili tumetenganisha: aliyefiwa tunampa pole, tuliyemkosea tunamwambia samahani. Na samahani imetoka kwenye Kiarabu, saamihnii, nisamehe. Hapo kuna ombi, na anayeombwa ana hiari ya kukataa. Tumeliacha hilo tukakimbilia "sori", sijui tunaharakia wapi!

Tukija kwenye toba, Imam Nawawi katika Riyadhus Swalihina ametaja masharti: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutoirudia. Na dhambi ikihusu haki ya binadamu, linaongezeka la nne: kumrudishia mwenyewe haki yake. Sasa pima. Hata kama "sori" ya huyu kaka imetoka moyoni kweli, kidonda kinauma, ametimiza la kujuta tu. Fungu la dada limewekwa na Allah katika Suratun Nisaa, halifutwi na neno la herufi nne.

Nimemjibu: dada yangu, kudai haki yako si dhambi. Kusamehe kuna malipo makubwa kwa Allah, lakini ni hiari yako, asikulazimishe mtu, awe mama, awe mjomba, awe imamu wa mtaa. Kaeni na mjuzi wa mirathi awapigie hesabu. Kama warithi ni nyinyi wawili tu, yeye mafungu mawili, wewe moja. Na kama leo hana hela, aandike deni mbele ya mashahidi.

Amesema atampigia baada ya Magharibi.

Wallaahu a'lam.